Uzi: Msimbo unaoishi ndani ya RAM pekee, na kwa nini EDR yako huuona au huukosa

Mchunguzi_RAM

Wakuu salaam.

Kauli ya "kirusi kisichogusa diski hakikamatiki" imezagaa mno, hasa midomoni mwa wenye bidhaa za kuuza. Nimefungua uzi huu tuichambue taratibu.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili wa kunipinga ajue pa kushika. Kutokuwa na faili kunamficha mshambulizi mbele ya mlinzi wa aina moja tu, yule anayekagua faili. Mashine yenyewe haijadanganyika. Msimbo ukitaka kufanya kazi lazima upewe kurasa za memori, kurasa hizo ziwe na ruhusa ya kuendeshwa, pawe na thredi (mkondo wa utekelezaji) ya kuziendesha, na mwisho wa yote uguse kitu: mtandao, nywila, au data za watu. Hatua zote hizo zinapita mikononi mwa kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji. Kwa hiyo nikiletewa EDR, yaani bidhaa ya ulinzi inayofuatilia mienendo ndani ya mashine, siulizi inatambua virusi vingapi. Nauliza macho yake yamekaa wapi, na nani mwingine ana ufunguo wa chumba hicho.

Jambo lenyewe ni la zamani. Code Red ya Julai 2001 iliishi kwenye memori ya seva za wavuti za Microsoft (IIS) tu. Ukizima na kuwasha mashine imekwisha, ila kama hujaziba tundu inarudi kabla hujakaa vizuri. Januari 2003 ikaja Slammer: baiti 376, pakiti moja ya UDP kwenda mlango 1434 wa SQL Server. Mwanzoni iliongezeka maradufu kila sekunde 8.5 hivi, na ndani ya dakika 10 ilikuwa imeshaingia kwenye sehemu kubwa ya mashine zilizokuwa wazi, zisizopungua 75,000 dunia nzima. Haikuandika faili hata moja. Na kiraka chake kilikuwa kimetoka Julai 2002, nusu mwaka kabla!

Tofauti ya wale wa zamani na wa leo ni kelele. Slammer ilijaza mitandao mpaka ikakwama, kila mtu akajua kuna jambo. Wa leo wanataka kukaa kimya miezi. Mwanzoni mwa 2017 Kaspersky walieleza kisa kilichoanzia benki moja: timu ya usalama ya benki hiyo ilikuta msimbo wa Meterpreter, zana ya kudhibiti mashine kwa mbali, kwenye memori ya kidhibiti cha domeni, ile seva inayosimamia akaunti za mtandao mzima. Walipofuatilia, dalili zilezile zikaonekana kwenye mitandao zaidi ya 140 katika nchi 40. Miaka miwili nyuma yake Duqu 2.0, programu ya ujasusi, ilikuwa imeingia ndani ya Kaspersky wenyewe, nayo ikiishi karibu yote kwenye memori. Ukiristati mashine moja inasafika, halafu jirani yake ambayo haijazimwa inaiambukiza upya.

Karibuni.

---

Punje256

Mkuu, sisi wageni wa mambo haya tunaomba ufafanuzi kidogo. Watu wakisema msimbo "unadungwa" kwenye memori, unadungwa wapi? Nilidhani prosesi moja haiwezi kugusa memori ya nyingine, ndivyo tulivyofundishwa.

---

Mchunguzi_RAM

Mlifundishwa sawa, ila hawakuwamalizia. Kila prosesi ina eneo lake na haiwezi kuingia kwa mwenzake *kwa bahati mbaya*. Kwa makusudi inaweza, ikiwa na haki za kutosha. Windows ina huduma halali za kufungua prosesi nyingine, kuomba nafasi ndani yake, kuandika humo na kuanzisha thredi. Debaga zisingekuwepo bila huduma hizo. Programu za kuwasomea skrini wasioona zinazitumia, zile zinazochora dirisha juu ya gemu zinazitumia, na antivirusi ndizo wadungaji wakubwa kuliko wote. Mwaka 2017 Google walitangaza kwamba Chrome itaanza kuzuia programu za wengine kudunga msimbo ndani yake, kwa sababu watumiaji wenye programu za namna hiyo walikuwa na uwezekano wa asilimia 15 zaidi wa kivinjari kuanguka. Wakati ule wengi wa waliolengwa na zuio hilo walikuwa watu wema.

Kwa mshambulizi faida ni mbili tatu. Anavaa jina jema: ukitazama orodha ya prosesi unaona explorer au svchost, basi unapita. Anarithi haki za mwenyeji wake, pamoja na ruhusa alizopewa mwenyeji kwenye ukuta wa moto. Na programu iliyomleta ikifungwa, yeye anabaki.

Namna za kufanya hivyo zimekusanywa na shirika la MITRE kwenye ATT&CK, katalogi yake ya mbinu za washambulizi, chini ya namba T1055. Kuna ya kuandika ndani ya prosesi inayoendelea. Kuna ya kuanzisha programu halali ikiwa imesimamishwa, kuikomba ndani, na kuijaza kitu kingine kabla haijaruhusiwa kukimbia. Kuna ya kuiteka thredi iliyopo badala ya kuunda mpya. Halafu kuna ya kupakia maktaba moja kwa moja kutoka memori bila kupitia kipakiaji cha Windows, hiyo wameipa namba yake, T1620. Majina ni mengi na kila mwaka linaongezeka lingine, lakini ukizivua nguo zote zinahitaji vitu vilevile: mahali, maandishi, ruhusa ya kuendeshwa, na thredi.

---

kitasa

Sasa mkuu, tuwe wakweli. Kila mkutano wa usalama kuna kijana anapanda jukwaani anaonyesha amepita EDR tano. Tano! Mimi nashauri watu waache kulipia hivi vitu, waweke kiraka na bakapu, basi.

---

Mchunguzi_RAM

Kiraka na bakapu kwanza, hilo tuko pamoja. Ila tuangalie kijana huyo amepita *nini*.

Zamani kampuni za antivirusi ziliweka mikono yao ndani ya kerneli kabisa, zikibadilisha meza za miito ya mfumo. Virusi vya kerneli vilifanya hivyohivyo, na wote wawili waliangusha mashine. Mwaka 2005 Microsoft ikaleta PatchGuard kwenye Windows za biti 64: ukichezea miundo ya kerneli, mashine inajizima. Symantec na McAfee walilalamika hadharani 2006 Vista ilipokaribia. Hawakufanikiwa kuiondoa.

Ndipo wengi wakahamia juu, kwenye eneo la mtumiaji. Wakala wa EDR anaweka maktaba yake ya DLL ndani ya kila prosesi, kisha anabadilisha baiti za mwanzo za baadhi ya vitendakazi vya ntdll.dll, maktaba ambayo programu hupitia kufika kerneli, ili mwito wowote wa kuomba memori au kuunda thredi umpitie yeye kwanza. Inafanya kazi, na inatoa taarifa nzuri. Lakini tafakari memori ile ni ya nani. Ni ya prosesi yenyewe. Msimbo mbaya ukiwa ndani ya prosesi hiyo una haki sawa na za mlinzi: unaweza kuona kwamba baiti zimebadilishwa, unaweza kuzirudisha zilivyokuwa, au unaweza kwenda kwa kerneli bila kupita mlango wenye mlinzi. AMSI, ile ya kukagua skripti za PowerShell zikiwa zimeshafumuliwa, iliyokuja na Windows 10 mwaka 2015, ina udhaifu wa aina hiyohiyo kwa sababu nayo imekaa ndani ya prosesi inayokaguliwa. Sehemu kubwa ya maonyesho ya jukwaani ni hayo: mtu amezima jicho lililokuwa mikononi mwake.

Jicho lililo kwenye kerneli ni habari nyingine. Windows inampa draiva aliyejisajili taarifa kila prosesi inapozaliwa, kila thredi inapoundwa, kila maktaba inapopakiwa, na kila mtu anapoomba kuifungua prosesi ya mwingine. Windows 10 ikaongeza chanzo cha ETW (mfumo wa Windows wa kurekodi matukio) kiitwacho Threat-Intelligence, kinachosema nani kaandika kwenye memori ya nani na nani kabadilisha ruhusa za kurasa. Taarifa hizo zinatoka kerneli, na hupewa prosesi za ulinzi zenye hadhi ya kulindwa tu, hadhi iliyoanza kutolewa na Windows 8.1. Kijana wetu akizirudisha baiti za ntdll jinsi anavyotaka, chanzo hiki hakijali.

Tena kitendo cha kukwepa kinaacha alama. Bidhaa nzuri leo zinaangalia rundo la miito: mwito huu wa mfumo umetokea wapi? Mwito wa kawaida una mnyororo unaoanzia kwenye programu, unapita kwenye maktaba zinazojulikana, unaishia ntdll. Ukiona mwito umeanzia kwenye memori isiyo na faili yoyote nyuma yake, au umefika kerneli bila kupita ntdll, hapo mkwepaji amejitangaza mwenyewe. Na wao wameshaanza kughushi rundo, na vichakataji vipya vya Intel na AMD vinatunza nakala ya pili ya anwani za kurudia ili kughushi kuwe kugumu. Mbio zinaendelea, sikatai. Ila mbio haziko pale kitasa anapodhani ziko.

---

mzee_wa_terminal

Maneno mengi nadharia tupu. Weka tool ya kupita Defender tujionee wenyewe, wenye akili tutajifunza.

---

Mchunguzi_RAM

Hiyo siweki, wala usinifuate kwenye ujumbe wa faragha. Kama nia ni kupima ulinzi wako, Atomic Red Team wana majaribio ya T1055 yaliyoandikwa kwa ajili hiyo, wazi na bure. Yanakupa tukio ambalo unajua lilitokea saa ngapi, kisha unakwenda kutafuta kama limeonekana kwenye logi. Fanya kwenye mashine yako, au uwe na ruhusa ya maandishi. Kujua kama unaona kunatosha, huhitaji silaha ya kutoonekana.

---

BintiSeva

Naongeza upande wa sisi tunaokaa mbele ya skrini za tahadhari siku nzima, maana hapo juu inasomeka kana kwamba ukipata taarifa za kerneli umemaliza. Hujamaliza, ndiyo kwanza umepata mafuriko.

Alama inayotajwa kila mahali ni ukurasa wa memori wenye ruhusa tatu kwa pamoja, kusoma, kuandika na kuendesha, usio na faili nyuma yake, kwa kifupi RWX. Sawa. Sasa nendeni mkatafute kurasa hizo kwenye mashine ya kawaida ya ofisini. Injini za JavaScript, .NET na Java zote zinazalisha msimbo papo hapo zikiendeshwa (JIT), na baadhi zinaacha kurasa za namna hiyo kila kona. Ukiweka kanuni ya "RWX ni kirusi" utapata tahadhari mia kabla ya saa nne asubuhi, na kufikia alasiri mtu atakuwa ameizima kanuni. Kanuni iliyozimwa kwa uchovu ni zawadi kwa mshambulizi.

Kinachosaidia ni uhusiano. Memori ya namna hiyo ndani ya kivinjari, naipita. Ndani ya notepad au spoolsv (huduma ya uchapishaji), nasimama. Word kumzaa PowerShell, nasimama. Prosesi isiyo na shughuli yoyote na lsass, ile inayothibitisha wanaoingia kwenye Windows, ikiomba kuifungua lsass kwa haki za kusoma memori, nakimbia, maana humo ndimo nywila zinakaa. Tukio la kwanza peke yake linaweza kuwa na maelezo. Yakifuatana mawili ndani ya dakika moja kwenye mashine ya mhasibu, maelezo yanakuwa machache.

Kwa wasio na bajeti ya EDR, Sysmon, programu ya Microsoft ya kurekodi matukio, ni bure tangu 2014 na inatoa mengi. Tukio namba 8 ni prosesi kuunda thredi ndani ya nyingine. Namba 10 ni prosesi kufungua nyingine, hili lichujeni vizuri la sivyo litameza diski. Namba 25, lililokuja na toleo la 13 mwaka 2021, linashika prosesi ambayo taswira yake kwenye memori hailingani na iliyo kwenye diski. Vivinjari huliamsha bure mara kwa mara, mjue mapema. Na washeni logi za PowerShell za namba 4104, zinaandika skripti ikiwa imeshavuliwa maganda yake.

Halafu kuna kuzuia, ambako watu wanakuruka. Defender ina kanuni ya kuzuia programu za Office kudunga msimbo kwenye prosesi nyingine, na nyingine ya kuzuia wizi wa nywila kutoka lsass. Zianzisheni kwa hali ya ukaguzi tu, mwone zitavunja nini, kisha mzikaze. Na mtumiaji wa kawaida asiwe na haki za usimamizi kwenye mashine yake. Mbinu nyingi za T1055 dhidi ya prosesi za mfumo zinakufa hapo.

---

kitasa

Dada BintiSeva, hapo kwenye haki za usimamizi nakubali kwa mikono miwili. Lakini Mchunguzi, umesema jicho la kerneli ni salama. Na wanaoingia na draiva?

---

Mchunguzi_RAM

Sikusema salama, nimesema ni habari nyingine. Ila swali ni zuri, na hapa ndipo mambo yamehamia.

Windows ya sasa haipakii draiva bila saini. Basi washambulizi wanakuja na draiva yenye saini halali ya kampuni inayojulikana, ila yenye kasoro inayomruhusu mtu kuandika kwenye memori ya kerneli. Wanaipakia wenyewe, wanatumia kasoro, kisha wanafuta usajili wa EDR ili isipate tena taarifa za prosesi na thredi. ESET walieleza 2022 jinsi kundi la Lazarus lilivyotumia draiva ya Dell yenye kasoro CVE-2021-21551 kufanya hivyo. Mwaka huohuo Sophos walionyesha kundi la ukombozi la BlackByte likitumia RTCore64.sys, draiva inayokuja na programu ya kuongezea kasi kadi za picha.

Angalieni lakini: kupakia draiva kunahitaji haki za usimamizi. Mtu huyo alishakuwa bosi wa mashine kabla hajafika hapo, kwa hiyo kulikuwa na hatua nyingi za kumwona. Upande wa kuzuia, Microsoft ina orodha ya draiva mbovu zisizoruhusiwa, na tangu Windows 11 toleo la 22H2 inawashwa yenyewe. Pamoja nayo kuna uadilifu wa memori, ambao unatumia haipavaiza (safu iliyo chini ya kerneli yenyewe) kuhakikisha kurasa za kerneli haziwi za kuandikwa na kuendeshwa kwa wakati mmoja. Kwenye mashine za zamani unaweza kukuta umezimwa kwa sababu ya draiva moja ya kizamani isiyopatana nao. Tafuta draiva hiyo, uiondoe.

Na kama EDR imenyamazishwa, ukimya huo uonekane mahali pengine. Watu wanafuatilia tahadhari, hawafuatilii mashine zilizoacha kusema. Chukua orodha ya mashine zilizopewa anwani na DHCP leo, linganisha na orodha ya wakala waliotuma taarifa leo. Mashine iliyo hai kwenye mtandao lakini wakala wake kimya tangu jana usiku, nenda kaitazame kwa macho. Ujanja huu haugharimu chochote na hauhitaji bidhaa mpya.

Kuhusu macho kukaa kerneli kuna gharama nyingine, sote tuliiona Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike lilipoangusha mashine za Windows takriban milioni 8.5. Hapakuwa na mshambulizi hata mmoja. Novemba ya mwaka huo Microsoft ikatangaza mpango wa kuwawezesha watengenezaji wa ulinzi kufanya kazi nje ya kerneli. Mimi nina wasiwasi nao kidogo: kama watapewa taarifa zilezile kwa njia iliyolindwa, safi. Kama watarudishwa kwenye ndoano za ntdll, tutakuwa tumerudi tulikotoka.

---

Punje256

Na Linux je? Huko kwetu seva zote ni Linux na bosi anasema hayo ni matatizo ya Windows.

---

BintiSeva

Mwambie bosi njia za kuingilia memori ya prosesi zipo huko pia: kuna ptrace, kuna /proc/PID/mem, kuna LD_PRELOAD, na tangu kerneli 3.17 ya mwaka 2014 kuna memfd_create, inayounda faili isiyo na makazi kwenye diski na inayoweza kuendeshwa moja kwa moja. Habari njema ni kwamba inaonekana kirahisi: tazama viungo vya /proc/*/exe, ukikuta kinachoelekeza kwenye memfd, au kwenye faili iliyokwisha kufutwa, uliza maswali. Zipo programu halali zenye tabia hiyo, ila kwenye seva ya kazi moja huwa chache sana. Thamani ya ptrace_scope, mpangilio unaoamua nani aruhusiwe kutumia ptrace, isiwe 0. Kwa ufuatiliaji, Falco au auditd.

---

zamu_ya_usiku

Wakuu, nasoma uzi huu nikiwa kazini na nina jambo linaloendelea SASA. Rundll32.exe imeanza bila kigezo chochote kwenye mashine ya mtu wa manunuzi, na imefungua muunganisho wa 443 kwenda anwani ya nje ambayo siifahamu. Antivirusi imekagua diski nzima, inasema safi. Msimamizi wangu anataka nizime mashine. Nizime?

---

BintiSeva

USIZIME. Wala usiue hiyo prosesi. Itenge na mtandao, kwa EDR kama mnayo au kwa swichi, iache ikiwaka.

---

Mchunguzi_RAM

Sikiliza BintiSeva. Rundll32 kazi yake ni kuendesha kitu kilichomo ndani ya DLL, na DLL hiyo inatajwa kwenye kigezo. Ikianza bila kigezo haina kazi halali ya kufanya, sembuse kuongea na nje. Cobalt Strike, zana ya kupima ulinzi inayotumiwa sana na washambulizi, kwa mipangilio yake ya awali ndivyo inavyofanya: inazalisha rundll32 tupu kisha inaijaza. Inaweza isiwe hiyo, lakini ichukulie hivyo mpaka uthibitishe vinginevyo. Ukizima, kila kitu kilichomo kwenye RAM kinapotea, na ndicho ushahidi pekee ulio nao.

Baada ya kutenga, chukua nakala ya memori. WinPmem au DumpIt, ukiendesha kutoka kwenye diski ya nje na ukiandika hukohuko nje. Kama ni mashine pepe kazi ni rahisi zaidi: piga taswira ya papo hapo pamoja na memori, VMware itakupa faili ya vmem. Nakala inayochukuliwa mashine ikiendelea kufanya kazi huwa na kurasa zisizopatana kidogo, hilo lisikutishe.

Kisha Volatility, programu ya kuchambua nakala za memori, kwenye mashine nyingine. Anza na mti wa prosesi: baba wa rundll32 ni nani na alizaliwa saa ngapi. Halafu malfind, inayotafuta maeneo binafsi ya memori yenye ruhusa ya kuendeshwa. Itakuletea na vya JIT pia, BintiSeva ameshaeleza, ila ndani ya rundll32 tupu hapatakiwi kuwa na kitu. Halafu miunganisho ya mtandao. Kama unaruhusiwa kuchukua hatua kwenye mashine hai, pe-sieve inalinganisha moduli zilizo kwenye memori na zilizo kwenye diski na kukutolea zilizobadilishwa.

---

zamu_ya_usiku

Imetengwa. Nakala ya memori imechukuliwa. Baba wa rundll32 ni powershell ambayo haipo tena, na baba wa powershell ni winword. Malfind imetoa eneo moja ndani ya rundll32, RWX, na mwanzoni kuna MZ.

---

BintiSeva

Basi. MZ ni kichwa cha faili ya kuendeshwa, na hapo hakuna faili. Usihangaike tena na kama ni kweli, sasa hangaika na imefika wapi. Tafuta anwani ile ya nje kwenye logi za DNS, proksi na ukuta wa moto kwa mashine ZOTE, rudi nyuma kadiri logi zinavyoruhusu. Tafuta barua pepe iliyoleta hiyo hati ya Word, nani wengine waliipokea, nani waliifungua. Kisha namba 4104 kwenye mashine hiyo, skripti ile itakuwa imeandikwa humo kama mliwasha. Na tukio 10 kuelekea lsass: kama limo, kila akaunti iliyowahi kuingia kwenye mashine hiyo ihesabu imeibwa.

---

kitasa

Na waambie wasitumie barua pepe ya kazini kujadili tukio. Kama jamaa yuko ndani anasoma.

---

zamu_ya_usiku

Tukio 10 limo. Rundll32 kwenda lsass. Na jana mtu wa msaada wa kompyuta aliingia kwenye mashine hiyo kwa akaunti ya msimamizi wa domeni kurekebisha printa. Kwenye ukuta wa moto kuna mashine mbili zaidi zenye anwani ileile, moja ni seva.

---

Mchunguzi_RAM

Sasa si kazi ya mtu mmoja wa zamu. Amsha wakubwa, na kama mna mkataba na timu ya dharura ya nje, iite usiku huu. Zitengeni zote tatu kwa wakati mmoja, msianze na moja moja, akigundua mnafunga milango atahamia msikokuona. Zote zichukuliwe memori kabla ya kuguswa.

Mkimaliza kumtoa, na si kabla, badilisheni nywila za wasimamizi wa domeni na ya krbtgt, akaunti ambayo nywila yake ndiyo inayothibitisha tiketi za kuingia kwenye domeni. Ya krbtgt ibadilishwe mara mbili, kwa sababu domeni inatunza pia nywila yake iliyopita na tiketi zilizoghushiwa kwa hiyo zitaendelea kukubaliwa. Kati ya mara ya kwanza na ya pili subirini tiketi za zamani ziishe muda, kwa kawaida saa 10, na mhakikishe vidhibiti vyote vya domeni vimeshapokea mabadiliko ya kwanza. Mkizifuatanisha bila kusubiri, watumiaji na huduma zenu wenyewe watagoma kuingia asubuhi.

---

zamu_ya_usiku

Nimewaamsha. Wanauliza seva izimwe au itengwe, ni ya malipo.

---

BintiSeva

Itengwe. Memori kwanza, halafu mjadala wa malipo.